Kaburi la Sinema Pale Emakhuli

Emakhuli ni soko dogo kati ya Butere na Mumias: maduka ya mabati pande mbili za barabara, kanisa, kinu cha kusaga mahindi, na miwa kila upande hadi macho yanapochoka. Ardhi ni tambarare. Trekta la miwa huonekana likija muda mrefu kabla ya kusikika. Uwazi huo ndio uliowaleta watu wa televisheni kutoka Nairobi mwaka wa 1993, wakitafuta kijiji cha tamthilia yao ya kila wiki. Kibiwott, mwongozaji wao, anasema aliposhuka garini na kuliona anga la pale alisahau swali alilotaka kumwuliza chifu.

Tangu hapo soko lina sura mbili. Kinu kimeandikwa "Kituo cha Polisi" kwa rangi ya buluu, na mwenye kinu hajaona sababu ya kuifuta. Mwaka jana mtu wa Matungu alifika pale kuripoti ng'ombe aliyeibwa. Mwenye kinu, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu, alimsikiliza hadi mwisho, akamwuliza ng'ombe ni wa rangi gani. Duka la viatu ni benki. Jambo hili lote wenyeji huliita "sinema", na hulitaja kama wanavyotaja mvua au kiwanda cha sukari, kitu kinachokuja na kwenda kwa saa zake.

Nyumba inayojulikana zaidi ni ya Rachael Navalayo: kuta za udongo zilizopakwa vizuri, mabati yenye kutu, na migomba nyuma. Katika tamthilia ni nyumba ya mwanamke anayefiwa na mumewe, na mwanamke huyo huchezwa na Fauzia, mwigizaji aliyezaliwa Mumias. Rachael mwenyewe, wakati kamera zinafika, hakuwa mjane. Hakuwa na mume pia.

Mumewe, Jairus Andati, alikuwa mpakiaji wa miwa. Katika mvua za mwaka wa 1985 aliingia mto Nzoia ukiwa umefurika, akirudi kutoka kumwona shangazi yake ng'ambo. Watu walimwona akiingia majini. Hakuna aliyemwona akitoka. Ndugu na majirani walifuata kingo za mto wakiteremka nao, na mwisho walilipata koti lake limenasa kwenye matete. Hawakupata kitu kingine.

Kwa Wamarama, watu wa huku, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa hata hivyo. Hukatwa shina la mgomba, likavishwa, likalazwa kaburini mahali pake, na watu wakalia kama kawaida. Ila mkubwa wa boma ndiye hupiga jembe la kwanza. Mkubwa ni Shitanda, kaka yake Jairus, na Shitanda alikataa. Dereva mmoja wa lori alikuwa amemwambia kwamba Jairus ameonekana Jinja, Uganda, ana duka na amenenepa.

"Nitazika aje mtu anakula samaki Jinja?" aliwauliza waliomsihi.

Basi Rachael akakaa. Kanisani hakuketi na wajane. Hakunyolewa nywele za msiba. Hakulia mbele ya watu, kwa kuwa kumlilia mtu ambaye kaka yake anasema yu hai ni kumtakia kifo. Binti yake alipojifungua mtoto wa kiume, jina la babu halikuweza kutolewa, maana mwenye jina hakuwa amelazwa.

"Nilikuwa kama mtu amesimamishwa mlangoni," anasema. "Usiingie, usiende."

Agosti mwaka wa 1994, hadithi ya televisheni ilifika mahali ambapo mume wa Fauzia anakufa. Kibiwott alienda kwa Shitanda kuomba ruhusa.

"Mzee, tunaomba kuchimba kaburi. La kuigiza tu."

"La nani?"

"La mume wa Fauzia."

"Huyo mrefu anamalizanga soda yangu? Huyo mzikeni hata leo!"

Watu walicheka. Kibiwott akaeleza kwamba angependa shimo liwe mbele ya nyumba ya Rachael, karibu na barabara, penye mwanga mzuri. Rachael alikuwa barazani pake akichambua maharagwe. Alisema bila kuinua kichwa, "Mwenye nyumba analazwanga upande wa kulia wa nyumba yake. Mkichimba huko mbele, watu watacheka sinema yenu." Kibiwott alimshukuru. Alikuwa mtu wa Nandi, na desturi za hapa alizijua kwa kuambiwa.

Asubuhi ya kupiga picha, Kibiwott aliomba jambo moja zaidi: amwonyeshe mzee wa boma akipiga jembe la kwanza. Shitanda alikubali kwa furaha. Alivaa koti lake la Krismasi, akavua kofia, akapiga. Wakamwomba arudie kwa sababu jua liliingia ndani ya kamera, naye akarudia kwa nguvu zaidi. Kisha akaondoka kwenda Butere kwa mkutano wa wakulima wa miwa, akiwaachia kazi vijana wa Chrispinus, ambaye huchimba makaburi ya upande huu wote.

Kibiwott alitaka shimo la kufika magotini, kwani kamera haingeona zaidi. Chrispinus alichimba hadi akahitaji kuvutwa kutoka.

"Waliniambia kaburi," anasema. "Shimo ya magoti ni ya kupanda ndizi."

Jioni ya siku hiyo, jua lilipopoa, watu walikuja. Televisheni ilikuwa imewaalika wachache wa kujaza picha. Walikuja kutoka kila njia iliyo kati ya miwa, akina mama wamejifunga leso, wazee na fimbo zao, kwaya ya kanisa na ngoma yake. Wote walijua kwamba ni mchezo. Lakini walikuwa wamevaa nguo za mazishi, na kwa nguo hizo walitembea polepole, na kwa kutembea polepole walinyamaza. Mpigapicha anasema alishusha sauti yake bila mtu kumwambia.

Jeneza lilikuwa la mbao nyepesi, na ndani yake walikuwa wameweka mafungu ya miwa ili mabega ya wabebaji yaonekane yamelemewa. Kibiwott alichukua kipaza sauti akaeleza: jeneza litashushwa, kisha litavutwa juu, lishushwe tena wapige picha kutoka upande wa pili. Baadaye jeneza litatolewa na shimo lifukiwe.

Hakuna aliyesogea. Wakati huo Shitanda alifika kutoka Butere. Umati ulimpisha, akaenda hadi ukingoni, akatazama ndani.

"Nani amechimba namna hii?"

Chrispinus alijipangusa mikono. "Mzee, ni wewe ulianza."

Wazee walimvuta Kibiwott kando wakamweleza. Kaburi lililofunguliwa na mkubwa wa boma, likafika kina chake, halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu litamdai mtu wa boma hilohilo. Kibiwott aliomba radhi. Aliuliza kama angeweza kununua kondoo, au chochote kinachohitajika. Mzee mmoja akasema kinachohitajika ni mgomba tu.

"Mgomba wa nani?" Shitanda aliuliza.

Walitazama chini. Kila mtu pale alilijua jina, na hakuna aliyetaka kulitamka kabla yake.

Ndipo Rachael alipotokea nyuma ya nyumba. Alikuwa na shina la mgomba begani, limekatwa sasa hivi, maji yake yakimtiririka kwenye gauni. Alikuwa amelivisha koti. Waliokuwa mtoni mwaka ule walilitambua. Alitembea katikati ya watu wote wale, akasimama mbele ya Shitanda.

"Mulamwa," alisema, kama wanavyoitana mashemeji wa huku, "mimi nimechoka kungoja. Wewe kama bado unangoja, sema hapa, nirudishe hii nyuma ya nyumba."

Mkanda wa siku hiyo upo, nimeuona. Upepo unasikika kwenye miwa. Shitanda ananyoosha mkono, anagusa kola ya koti, anaikunjua pale ilipojikunja. Kisha anapokea shina lile kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompokea mtoto aliyelala.

"Toeni hiyo miwa," anasema.

Miwa ilitolewa. Shina lililazwa ndani ya jeneza, na kilio kilianza. Nimehudhuria mazishi ya mawaziri na maaskofu, na sijasikia sauti kama iliyo katika mkanda ule. Ilitoka kwa wanawake wa mbele, ikawafikia wa nyuma, ikaenda barabarani, na waliokuwa sokoni wakaacha mizani wakaja mbio. Walilia kwa jina: Jairus, Andati, mwana wa fulani, mpakiaji wa miwa. Wanaume walikimbia kuzunguka boma na matawi mikononi kukifukuza kifo, na vumbi likapanda likageuka dhahabu kwa jua la magharibi. Machozi yaliyokuwa yamezuiwa tangu mto ule kufurika yalimwagwa kwa mara moja.

Fauzia, ambaye picha ilikuwa yake, alifungua kitambaa cheusi kichwani mwake, akamfunga Rachael, akarudi nyuma yake akasimama.

Kibiwott alisema, "Kata!" Hakuna aliyesikia. Akarudia. "Halafu nikagundua kofia bado iko kichwani mwangu," anasema. "Nikaivua."

Shitanda alizungumza kabla ya udongo. Aliongea na kaburi, kwa sauti ya kawaida.

"Andati. Kama uko Jinja, rudi ufukue hii kitu wewe mwenyewe. Kama hauko Jinja, lala. Mke wako amengoja vya kutosha."

Akatupa udongo wa kwanza.

Mkanda huo haujaonyeshwa hadi leo. Mazishi yaliyotokea kwenye televisheni yalipigwa picha kwingine, na shimo lake, naambiwa, lilifika magotini. Watu wa sinema hawakuweza kufanya kazi tena wiki ile. Nyumba yao ya kupigia picha ilikuwa nyumba ya msiba, na Kibiwott alipewa shoka akapasue kuni pamoja na waombolezaji wengine.

Nilimwuliza Rachael kama alijua mambo yangefika wapi aliposema upande wa kulia. Alicheka akaziba mdomo kwa kanga.

"Mtu akikuuliza kaburi linakaa wapi, si unamjibu?"

Mjukuu wake sasa anaitwa Andati. Kanisani Rachael huketi na wajane, na wao hulalamika kwamba anaimba kwa nguvu kupita kiasi.

Siku ya tatu baada ya maziko, watu wa boma walinyolewa, kama ilivyo desturi. Shitanda alinyolewa wa kwanza. Alipomaliza hakuinuka. Alikaa kwenye kigoda uani, mkono juu ya kichwa chake kipya, watu wakimpita. Rachael, naye amenyolewa, alimletea obusuma, ugali wa huku, na paja la ingokho, kuku wa kienyeji, akamwekea maji ya kunawa.

"Nilikuwa najua," Shitanda alimwambia. "Hata huyo dereva nilijua anadanganya. Lakini nikisema amekufa, nabaki mmoja kwa mama yetu."

Rachael alimmwagia maji mikononi, taratibu, hadi birika likaisha.

"Kula, mulamwa," alisema. Akavuta kigoda chake, akaketi kando yake.