Milango aliyoiruka Mama Maswali

Saa tatu asubuhi, mwanamke mwenye viatu vya raba na kofia pana anabisha hodi kwenye geti la bati. Kishikwambi chake amekikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Anabisha mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa nguvu, na mara ya tatu anaanza kuzungumza na geti lenyewe.

"Jamani, sidai. Siuzi. Sihubiri. Nauliza tu."

Geti linafunguka kidogo. Anachungulia bibi mmoja, mswaki mdomoni.

"Ni wewe tena? Juzijuzi uliniuliza nafulia sabuni gani. Kabla ya hapo ukaniuliza nakohoa mara ngapi. Leo unataka nini, nikupe na uzito wangu?"

"Uzito ni wa wiki ijayo, bibi. Leo ni simu."

Bibi anacheka mpaka povu linamdondokea kwenye kanga. Anasogeza stuli, anaipangusa kwa kiganja, na kazi inaanza.

Mtaani jina alilopewa na wazazi wake limeshasahaulika. Watoto wakimwona kwa mbali hupiga kelele, "Mama Maswali huyooo! Ficheni majibu!" Naye huwatolea macho, wakatawanyika kama kuku.

Mama Maswali ni mhojaji. Wataalamu wakitaka kujua jambo kuhusu watu, yeye ndiye anayetumwa kwenda kuwauliza hao watu. Amefanya kazi hii miaka kumi na mitatu. Halipwi mshahara wa mwezi, analipwa kwa kila dodoso lililojaa. Mlango ukifunguka, kuna chakula. Ukifungwa, ametembea bure.

Ametumwa na madaktari wa mapafu, na kampuni ya sabuni, na hata vijana wa kompyuta. Hao wa kompyuta ndio waliomtesa zaidi. Walimkalisha na mzee mmoja aliyekuwa anajaribu programu ya kulipia bili kwenye simu, wakamwambia asimsaidie kwa lolote, aangalie tu anakwamia wapi.

"Mzee anabonyeza picha isiyobonyezeka," anasimulia. "Jasho linamtoka. Ananiangalia kama mimi ndiye niliyemfungia humo ndani. Na mimi nimekaa kimya kama mkwe ugenini. Nilitamani kulia. Lakini pale alipokwama ndipo wale vijana walipojua pa kurekebisha. Ningemsaidia, ningewaharibia."

Kwa kuwahudumia wote hao, amegundua kuwa njia yao ni moja. "Unaanza na swali, moja tu, unaloweza kulitamka bila kuvuta pumzi mara mbili. Unasoma wenzako walipata nini, usije ukauliza kilichokwisha kujibiwa. Unachagua wa kuwauliza. Unajaribu maswali yako kwa watu wachache uone kama yanaeleweka. Ndipo unaingia mtaani. Ukirudi unasafisha majibu yenye makosa, unahesabu, unaandika."

Majaribio yake ya kwanza huyafanya nyumbani, kwa mume wake, fundi cherehani mpole asiyepandisha sauti.

"Nimeshaulizwa mara nne kama nina mimba," anasema fundi huyo bila kuinua macho kwenye mshono. "Kila mara nakataa, na kila mara anaandika."

Wote wawili wanacheka. Lakini Mama Maswali ndiye anayenyamaza kwanza. Mwaka huu kicheko chake ni kifupi, na sababu anaijua.

Mapema mwaka huu, halmashauri ilikuwa na uwezo wa kujenga kituo kimoja cha kulelea watoto wadogo mchana. Ikawapa watafiti kazi ya kujua ni mtaa upi unakihitaji zaidi. Mmoja kati ya mitaa iliyotajwa ni huu anaoufanyia kazi Mama Maswali, ambamo pia anaishi mdogo wake wa tumbo moja. Mdogo mtu huyo anauza nyanya na vitunguu sokoni, na ana binti mmoja, anayekaribia kutimiza miaka minne.

Kompyuta ikachagua nyumba za kuhojiwa. Nyumba ya mdogo wake ikapewa mhojaji mwingine, maana ndugu hahoji ndugu. Mwongozo ulisema wazi kwamba mlango ukiwa umefungwa, mhojaji arudi tena siku nyingine, saa nyingine. Lakini siku za kazi zikapunguzwa, na asubuhi ya siku ya pili msimamizi akatuma ujumbe kwenye simu za wote: "Tumebanwa na muda. Ukikuta pamefungwa, hoji jirani."

"Nikafurahi," anasema Mama Maswali. "Nisidanganye. Miguu ilikuwa inaniuma. Nikikuta kufuli, naruka, naingia wa pili. Mchana mmoja nilijaza madodoso mengi kuliko nilivyowahi kujaza maishani. Nikajiona hodari."

Matokeo yalisomwa ukumbini, yakiwa yamepambwa kwa rangi kwenye ukuta. Nyumba nane katika kila kumi za mtaa ule, yakasema, zina mtu wa uhakika wa kulea mtoto mchana. Watu wakapiga makofi. Kituo kikapelekwa mtaa mwingine, upande wa pili wa reli.

Jioni hiyo alipita sokoni kununua vitunguu. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Chini ya meza, ndani ya boksi la katoni lililotandikwa sweta, binti yake alikuwa amelala, miguu ikining'inia nje kwa sababu boksi limeshakuwa dogo.

Meza ya pili, mwanamke mwingine ananyonyesha huku anarudisha chenji. Ya tatu, mtoto amefungwa kwa kamba ya kitambaa kwenye mguu wa meza asitambae hadi barabarani. Mama Maswali akamwangalia yule mama wa meza ya tatu.

"Samahani dada, wewe unakaa wapi?"

"Kulekule kwa mdogo wako. Geti la buluu."

Geti la buluu. Alilikumbuka vizuri. Kufuli kubwa, kandambili moja imesahaulika nje. Aliliruka akaenda kwa jirani, kwenye nyumba ambayo mama mkwe alikuwa barazani na mjukuu mapajani. Aliyekuwa nyumbani saa nne asubuhi alikuwa nyumbani kwa sababu ana mlezi, au yeye ndiye mlezi. Aliyekosa mlezi alikuwa ameondoka alfajiri, mtoto mgongoni.

"Nilisimama pale na kitunguu mkononi," anasema. "Nikaanza kuyakumbuka makufuli, moja moja. Tuliwauliza wote wenye walezi kama wana walezi. Na wote wakatujibu ukweli."

Mdogo wake alikuwa amesikia matokeo. Hakumkaribisha kukaa.

"Kwa hiyo dada, sisi wa chini ya meza ndio hatuhitaji kituo?"

"Sikuandika hivyo, mdogo wangu. Niliandika mlango umefungwa."

"Na badala yetu mkamuuliza nani?"

"Majirani."

"Wenye mama wakwe."

"Ndiyo."

"Hongera. Mmekwenda kwenye harusi kuuliza nani hajala." Akampimia vitunguu, akamrudishia chenji yote kama mteja wa kupita.

Kesho yake Mama Maswali alikwenda ofisini kwa mtafiti mkuu, chumba chenye feni ya kelele na mafaili hadi dirishani. Mtafiti hakumfukuza wala hakubisha. Alifungua ripoti, akaenda moja kwa moja hadi karibu na mwisho, akamwonyesha mstari. Ulisema kwamba karibu robo ya nyumba zilizochaguliwa zilibadilishwa kwa kukosa watu, na kwamba jambo hilo huenda limeathiri matokeo.

"Niliiona," mtafiti akasema taratibu. "Niliomba siku zaidi, nikanyimwa. Nikaandika. Ukurasa wa arobaini."

"Daktari, nani anafika ukurasa wa arobaini?"

Mtafiti akavua miwani, akaifuta kwa shati, akakaa nayo mkononi. "Hakuna," akasema.

Kubatilisha uamuzi hakukuwezekana. Msingi wa kituo upande wa pili wa reli umeshachimbwa, na kule nako kuna watoto ndani ya maboksi. Lakini mtafiti alikwenda halmashauri mwenyewe, akarudi na ahadi ya nusu nusu. Akileta majibu kamili ya nyumba zilizorukwa, yatasomwa kwenye kikao cha bajeti ijayo. Safari hii wahojaji wataingia jioni, saa watu wanaporudi. Mama Maswali akawa wa kwanza kujiandikisha.

Alipopeleka habari sokoni, mdogo wake alichangamka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Akapiga makofi, akaita meza ya pili na ya tatu.

"Sasa usijisumbue na magiza ya jioni. Njoo hapahapa! Tuko wote. Uliza asubuhi, mchana umemaliza, wote tutasema tunahitaji. Wiki ijayo peleka."

"Siwezi, mdogo wangu."

"Huwezi nini?"

"Nikiuliza sokoni nitapata ndiyo tupu. Kosa ni lilelile, nimeligeuza tu upande. Watalitupa, na safari hii watakuwa na haki. Lazima niende kwenye zile nyumba zilizochaguliwa. Wengine watakuwa wa soko, wengine walinzi, wengine hawana hata watoto. Nao lazima niwaandike."

"Itachukua muda gani?"

"Na kusafisha, na kuhesabu, na kikao... mwakani. Na kujenga ni mwaka mwingine."

Mdogo wake akatazama chini ya meza. Kituo kinapokea watoto mpaka wanapotimiza miaka mitano. Hakuna aliyehitaji kuhesabu.

"Kumbe wangu ameshapitwa," akasema.

"Ameshapitwa."

"Na wewe unaniambia hivyo umesimama, hata hukai."

Mama Maswali akatafuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Mteja akaja akauliza bei ya nyanya, akajibiwa na wote wawili kwa pamoja, bei mbili tofauti, akaondoka akitikisa kichwa. Hapo mdogo mtu akacheka kwa pua, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Leo, akiwa amemaliza dodoso la simu kwa bibi wa geti la bati, Mama Maswali anazungumza juu ya kazi inayoanza wiki ijayo. Hana uhakika kama akina mama wa yale makufuli watamfungulia. Watakuwa wamechoka, na wameshasikia kwamba hawahitaji kitu. Anasema hatawaahidi jengo. Atawaahidi jambo moja ambalo katika miaka yake yote hajawahi kumfanyia mtu aliyemhoji.

"Nitawarudishia majibu. Yakishahesabiwa nitapita tena mlango kwa mlango niwasomee, yawe mazuri, yawe mabaya. Watu wananipa majibu miaka kumi na mitatu, mimi napokea tu, nafunga mkoba, naondoka. Bibi huyu hapa mpaka leo hajui madaktari walisemaje kuhusu kikohozi chake."

"Walisemaje?" bibi anadakia kutoka jikoni.

Mama Maswali anageukia jikoni. "Sijui, bibi. Nitauliza."

Amemwomba mdogo wake kitu kimoja, awaambie wenzake kwamba anayekuja jioni si mdai. Mdogo wake alijibu juzi, akiwa anafunga meza, binti yake amembeba mgongoni ingawa miguu imeshafika magotini kwake.

"Nimewaambia. Geti la buluu anarudi saa moja, lakini mpe nafasi apumzike kwanza. Yule wa pembeni mwisho ana mbwa. Na dada," akasema, akimkaza mtoto kwa kanga, "kama na kwangu pamo kwenye orodha, mwambie huyo mwenzako aje. Aandike nina mtoto wa kulelewa mchana. Hata kituo kikijengwa, mwanangu atakuwa shuleni. Aandike tu kwamba alikuwepo."