Swali Ambalo Hatukulifanyia Mazoezi

Baba alianza kuniita mwalimu kabla sijawa mwalimu. Nilikuwa bado chuoni, mwaka wa mwisho wa stashahada ya ualimu, na kila nilipokuwa nyumbani, akitoka zamu kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, aliingia akiuliza, "Mwalimu yuko?" kana kwamba chumba chetu kimoja na pazia hapo Kariobangi kilikuwa na ofisi ambamo ningeweza kukosekana. Alikuwa amewaambia wenzake wa zamu, amewaambia watu wa kanisa, amewaandikia na ndugu zake huko mkoa wa Magharibi. Mimi nina hasira za karibu, na jina hilo lilinikera kwa sababu lilinitisha. Mtu akishaitwa mwalimu na kiwanda kizima, halafu arudi nyumbani bila cheti, atapitia wapi?

Cheti chenyewe kilitegemea mazoezi ya kufundisha. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na chuo kilinipeleka kwa muhula mmoja katika sekondari ya kutwa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Mhadhiri angekuja kunikagua mara tatu bila kunipa habari, akae nyuma ya darasa na fomu yake, aandike. Ukishindwa, unarudia mwaka. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza na nililala nalo kila siku.

Somo langu la kwanza lilikuwa historia, la pili Kiswahili. Historia niliipenda kwa namna ambayo leo naionea haya kidogo: niliipenda kwa sababu ilikuwa na pointi. Sababu sita za hiki, matokeo matano ya kile, ukizikariri umeshika dunia. Chuoni tulirithishana madaftari, anayemaliza akimwachia anayeingia, na la kwangu lilikuwa limenakiliwa mara nyingi mno hivi kwamba vita fulani vilikuwa vimepoteza sababu yake ya nne njiani. Kutoka ya tatu tuliruka hadi ya tano. Hakuna aliyeitafuta, na mtihani tuliupita.

Shule niliyopelekwa ilikuwa na sheria ya Kiingereza kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Mwanafunzi aliyepatikana akiongea Kiswahili au Sheng alivishwa shingoni kibao cha mbao chenye kamba ya katani, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, ndipo amvishe yeye. Aliyebaki nacho jioni alifagia madarasa. Wengi wenu mmekivaa kibao hicho, au ndugu yake. Mimi nilikivisha watu bila huruma. Nilikuwa mgeni pale, sina meza, sina hata kikombe changu cha chai katika chumba cha walimu, na kibao kilikuwa kitu pekee nilichoweza kukitumia bila kuomba ruhusa. Kipindi cha kwanza nafundisha Kiswahili, methali na ngeli zake. Wakati wa mapumziko namvisha mtu kibao kwa kukiongea hicho hicho. Mambo hayo mawili yalikaa kichwani mwangu kwa amani kabisa.

Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza nilisoma daftari langu kuanzia juu hadi chini kwa sauti nzuri. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti la kahawia, na alikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kuandika. Aliniambia, "Umesoma vizuri. Wanafunzi walikuwa wapi?" Mara ya pili niliwauliza maswali, wakanyamaza, nikayajibu mwenyewe. Alikohoa sana siku hiyo. Ikabaki mara moja, na kwa alama nilizokuwa nazo, hiyo moja ndiyo ingeamua.

Aliyeniokoa, au ndivyo nilivyodhani, alikuwa mwalimu wa historia wa pale shuleni, mama mcheshi ambaye darasa lake ndilo nililokuwa nimeshikishwa.

"Binti yangu, huna somo la akiba?" aliniuliza. "Kila mwalimu wa mazoezi huwa nalo. Hata mimi nilikuwa nalo."

Somo la akiba, alinieleza, ni somo moja unalolipika mpaka liive. Unalifundisha mara mbili, tatu, maswali yale yale, majibu yale yale. Siku mkaguzi akitokea, hata kama mlikuwa mmefika mbali, unafuta ubao na kulipakua. Na mikono ina mpango wake: anayejua jibu ainue wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto. Mkaguzi ataona darasa zima limenyoosha mikono, nawe utachagua wa kulia tu.

Nikachagua somo la kipande. Wakati wa mkoloni, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri alilazimishwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake na mshahara wake, nayo ilitiwa ndani ya kijisanduku cha bati na kuning'inizwa shingoni. Kutembea bila hicho kulikuwa kosa. Kwa upande wa zana nilikwenda kwa fundi wa bati wa jua kali pale Kariobangi, akanikatia kijisanduku kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Alikitengeneza vizuri kupita kiasi, kikang'aa. Nilikitia kamba nikajipongeza.

Jioni nililifanyia mazoezi somo hilo mbele ya Baba. Alikaa kitandani na ovaroli yake, akasikiliza pointi zote tano kwa heshima kama aliye kanisani. Nilipomaliza akauliza, "Na huyo mtu wa kipande, mchana alikula wapi?"

"Baba, hilo halimo kwenye silabasi."

Nilimjibu kwa ukali. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hofu, lakini ukali ni ukali tu. Akasema, "Pole, mwalimu," akainama kufungua viatu.

Darasa langu la kidato cha pili nililifundisha somo hilo Jumatatu, nikalirudia Jumanne. Walilipenda, maana lilikuwa mchezo, na walinipenda kidogo pia, nadhani. Walijua ninachokitafuta. Jumatano asubuhi, langoni, nilimsikia msichana mmoja wa darasa hilo, mrefu, anayekaa nyuma kabisa, akimwambia mwenzake, "Sasa, uko na ile hesabu ya jana nione?" Nikamwita nikamvisha kibao. Alikiingiza ndani ya sweta, akaenda.

Saa nne mkaguzi akaingia na koti lake la kahawia.

Nilifuta ubao. Wale watoto walinitazama nikifuta, na naapa niliona tabasamu likipita kutoka dawati hadi dawati. Kisha wakanifanyia kazi ambayo hakuna aliyewahi kunifanyia. Nilipouliza, mikono yote ilipanda. Nilichagua wa kulia, jibu likatoka kwa Kiingereza kilichonyooka, likiwa na pointi zote. Nikapitisha kijisanduku cha bati, wakakishika kwa mshangao kana kwamba hawakukichezea jana. Dakika zilikwenda. Nyuma ya darasa sikusikia kikohozi hata kimoja.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili hivi mkaguzi aliponyoosha mkono wake yeye mwenyewe. "Samahani, mwalimu. Naweza kuwauliza swali moja?"

Ungemkatalia wewe?

Akawauliza: mtu aliyevaa kitu kile shingoni, mchana kutwa, kilimfanya ajisikieje?

Mikono ikapanda yote. Yote ya kushoto. Mimi niliiona, yeye hakujua anaona nini, akafurahi, akamchagua aliyekuwa karibu naye. Alikuwa yule msichana mrefu.

Alisimama. Akanitazama kwanza mimi, kwa huruma, kama mtu anayetaka kukusaidia asijue ashike wapi. Halafu, kwa Kiingereza safi kama cha majibu niliyomfundisha, akasema, "Mwalimu, hilo hatukulifanya."

"Hamkulifanya lini?" mkaguzi akauliza.

"Jana. Na juzi."

Nilisikia mtu akigonga bati huko nje ya ukuta wa shule. Kichwani nilimwona Baba akiingia mlangoni kwetu na swali lake la kila siku, na nilitaka kulia, sitaficha. Ningeweza kusema kwamba tulikuwa tukipitia marudio. Midomo ilikuwa imeshaanza kulitengeneza neno. Lakini msichana alikuwa bado amesimama, na kama ningedanganya, yeye ndiye angeonekana mwongo.

"Ni kweli," nikasema. "Tulilifanyia mazoezi. Majibu yote niliwapa mimi."

Mkaguzi hakukohoa. Alisema tu, "Basi swali langu bado lipo."

Msichana akavuta pumzi. "Naweza kusema na Kiswahili?"

Mkaguzi akaniangalia mimi. Darasa zima likaniangalia mimi, mvishaji kibao, siku ya Jumatano.

"Sema," nikasema.

Akaingiza mkono ndani ya sweta akakitoa kibao, akakiacha kining'inie kifuani. "Ni kama hii," alisema. "Unaificha lakini kila mtu anajua uko nayo. Mabeste wako wanaacha kuongea ukifika, juu ya kuogopa utawapatia. Na wewe huskii mwalimu anasema nini. Siku yote unaskiza tu nani atakosea." Akafikiri kidogo. "Lakini hiyo ya wazee ilikuwa mbaya kushinda hii. Hii naweza kupea mtu. Yao hawangepea mtu."

Nilikuwa nimesoma kipande kwa miaka miwili. Niliandika insha juu yake nikapata alama za juu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimesimama langoni nikimvisha mtoto wa watu mbao shingoni, na somo la kipande liko mkobani mwangu, na halikunijia akilini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Lakini hapakuwa na nafasi ya aibu, kwa sababu mikono ilikuwa imepanda, ya kulia na ya kushoto ovyo, mpango umeshasahaulika, na safari hii kila mkono ulikuwa na mtu nyuma yake. Mmoja akasema guka yake, babu wa Pumwani, alikuwa na kile kijisanduku mpaka alipofariki, akitia ugoro ndani yake. Mwingine akauliza kwa nini hakukitupa. Wakaanza kubishana. Mmoja alisema ni ujinga, mwingine alisema labda ndicho kitu pekee chenye jina lake kilichoandikwa. Mwingine akauliza kama kilikuwa na joto wakati wa jua. Nilikuwa sijui. Nikasema sijui, na hakuna aliyecheka. Nilikuwa nikichagua mikono tu na kuwatuliza, jasho likinitiririka, mpaka kengele ikalia na wakabaki wanabishana.

Mkaguzi alikaa nami kwenye benchi nje ya chumba cha walimu. Aliandika muda mrefu, na sasa kikohozi kilikuwa kimerudi.

"Ile mbao ni ya nani?"

"Ya shule."

"Aliyemvisha ni nani?"

"Ni mimi."

Akaandika na hilo. Kisha akafunga fomu. "Dakika ishirini na nane za kwanza alama ni za watoto, wamekupenda kuliko ulivyostahili. Zile kumi na mbili za mwisho ni zako. Umepita kwazo." Akasimama, akajikung'uta koti. "Chupuchupu, lakini umepita."

Nilimtafuta yule msichana nikamvua kibao, nikamwambia pole. Alisema, "Ni sawa, mwalimu," akapangusa shingo pale kamba ilipokuwa ikimwasha. Ningependa kusema kwamba nilikimaliza kibao katika shule ile. Nilikitia mkobani nikaenda nacho nyumbani, na kabla ya wiki kwisha mwalimu wa zamu alikuwa amechongesha kingine. Lakini mkono wangu haukukivisha tena, pale wala katika shule nilizofundisha baadaye, na nimegombana na walimu wakuu wawili kwa ajili hiyo.

Jioni Baba alirudi. "Mwalimu yuko?"

"Yuko," nikamjibu, kwa mara ya kwanza. "Amepita."

Alikaa kitandani, akaivua kofia akaishika mapajani. Nikawasha stovu nichemshe chai ili asinione ninavyomtazama. Alikuwa akiishi hapo Kariobangi tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimemjibu maswali mengi kwa ukali, na nilipopekua kichwa changu chote, sikupata hata moja ambalo mimi niliwahi kumuuliza yeye.

"Baba," nikasema, "siku ya kwanza uliyoandikwa kazi pale Baba Dogo, mchana ulikula wapi?"

Aliniangalia aone kama namtania.

"Sikula," akasema. "Tulikuwa watatu wageni. Wengine wakila, sisi tulitoka nje tukakaa ukutani, kila mtu akichokoa meno na kijiti. Ndio tuonekane tumemaliza kula mahali." Akacheka kidogo. "Nilichokoa meno wiki nzima."

Nilinyoosha mkono nikavuta daftari kutoka chini ya mto, nikafungua ukurasa mweupe, nikatafuta kalamu.

"Weka kalamu chini kwanza," Baba akasema. "Sikiliza."