Mshenga Aliyeishiwa Pumzi

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja niliyokwenda kuposa juu ya kilima. Usicheke kwanza, kicheko kina mahali pake huko mbele.

Babu yako mzaa mama, Papa Bahati, Mkongo wa Lewisville, kaskazini mwa Dallas, alikataa kutupokea sebuleni. Alitaka tupande naye kilima kimoja kusini mwa Dallas, chenye miti ya mierezi na vichaka vya maua ya zambarau, ambako kileleni wamezikwa walowezi wa kwanza wa eneo lile. "Mambo ya binti," alisema, "tunayasemaka njiani."

Kwa desturi yetu mposaji hafungui kinywa. Mshenga ndiye humsemea. Wangu alikuwa Mjomba Kibwana wa Katy, mji ulio mwendo wa saa nne kwa gari, fundi wa maneno, mtu ambaye hata barua zake alizifuata kwa gari kwenye sanduku la mbele ya nyumba yake. Alikuja na suti na viatu vinavyong'aa.

"Maegesho ya juu yako wapi?" aliniuliza.

"Hakuna, Mjomba."

"Hao walowezi walifikaje?"

"Kwa miguu."

"Ndiyo maana wamekufa."

Alianza hotuba kwa madaha: "Papa, sisi tumekuja..." Kwenye mwinuko wa kwanza likabaki neno "tumekuja" peke yake. Kwenye uliofuata ikabaki "tume". Kisha akaketi juu ya gogo, akafungua vifungo vya shati, akabaki kuhema. Papa Bahati, ambaye ujanani alibeba magunia ya viazi katika milima ya Kivu, alikwisha kutuacha, mikono mgongoni, akipiga mluzi.

"Kijana," aliniita kutoka juu, "kuya tumalize mambo. Ule mzee atatungojea."

Nilitamani sana kupanda. Jibu langu lilikuwa kule juu, na nilihofia nikichelewa litageuka. Lakini Mjomba alikuwa ameendesha tangu Katy kwa ajili yangu. Nikainama, nikampandisha mgongoni, suti, viatu na yote. Njia nzima alininong'oneza kama mtu anayefundisha udereva: "Taratibu. Shika kushoto. Shimo hilo."

Kileleni Papa Bahati alikuwa akisoma maandishi ya kaburi la mume na mke waliozikwa bega kwa bega. Alipotuona alicheka hadi akajishikilia kwenye jiwe.

Mjomba, angali mgongoni mwangu, akakohoa: "Papa, sisi tumekuja..."

"Wacha, mushenga. Nimeshasikia. Vijana wengine walikuyaka hapa, wakanifuata mimi mbio, wazee wao wakabakia chini." Akanitazama. "Binti yangu atazeeka siku moja. Atahitaji mugongo."

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu: ukikiona unachokitaka kileleni, geuka kwanza umtazame aliyekuja kukusemea. Asipofika yeye, nawe hujafika. Mola akujalie miguu imara, mgongo usiolalamika, na, kwa huruma Yake, mshenga mwembamba.