Sombe na kijiko kwa mama mukwe

Leo nimekula sombe, yale majani ya muhogo, na kijiko mbele ya maman ya fiancé wangu. Muniombee!

Ilikuwa mara ya kwanza anipikie. Nilishamwambia docteur alinikataza ngano yote.

«Usiogope, mutoto wangu. Hapa hakuna mkate. Ni sombe na bukari tu.»

Alors, naona pakiti ku cuisine: bukari, ugali wetu, ni ya semoule. Semoule, ngano ya kusaga! Hapa Bruxelles tulishazoea kuipika hivyo, hatufikirie tena.

Mungefanya nini? Miye niliacha bukari ya kuchotea sombe, nikashika kijiko.

«Majani tupu? Weye ni mbuzi?»

Nikamuelezea maman, macho chini.

Akasimama, akaondoa bukari ya kila muntu ku meza, hata ya papa mukwe. Akaleta vijiko.

«Bon. Leo wote tuko mbuzi.»