Pole Niliyochelewa Kuipeleka

Naikumbuka vizuri siku niliyoshuka treni hapa Gulwe, mwanangu, nikiwa na koti zito la sufu mkononi na jua la saa nne likinichoma utosini. Nilikuwa nimekaa Bulgaria miaka saba nikisomea udaktari wa mifugo. Koti lile sikuwahi kulivaa tena maishani, lakini siku ile nililishikilia kama cheti. Nilitaka watu wajue nimetoka mbali. Kumbe walikuwa wanajua tayari.

Nimeona nikuandikie haya badala ya kukusimulia kwenye simu, maana kwenye simu wewe una haraka na mimi mama yako mkubwa nina maneno marefu. Jumapili uliniambia kwamba tangu urudi kutoka Korea, miezi miwili sasa, watu wa huku umewakuta baridi. Kazini kwako Mtumba unasalimiwa vizuri, lakini ndugu wamekaa kando, wanakuangalia tu, na umeanza kufikiria kurudi huko ulikotoka. Niliitikia tu, mm, mm, mpaka salio lako likaisha. Sasa nakujibu.

Nilikuwa na rafiki aliyeitwa Yudita. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya korongo. Ukisimama mlangoni kwetu unaona moshi wa jiko lao. Tulichunga mbuzi pamoja, tukaanza shule siku moja, tukaugua surua wiki moja. Mama yake ndiye aliyenisuka nywele miaka yote ya utoto wangu, kwa sababu mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, mkono wake ulikuwa mzito na kila akinishika kichwa nalia. Kwa hiyo mimi nilikua na mama wawili, na huyo wa pili ndiye niliyemkosea.

Nikiwa mwaka wa tatu wa masomo nikapata barua ya baba. Yudita ameugua siku tisa, amefariki. Barua yenyewe ilikuwa imesafiri karibu miezi miwili, hivyo wakati mimi nalia bwenini, huku walikuwa wameshaanua matanga zamani. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa na mtihani wa mifupa ya farasi, nikaenda nikaufanya. Baadaye nikakaa chini nikamwandikia Mama Yudita barua ya kurasa mbili, kwa Kiswahili kizuri kabisa, nikaituma. Moyoni nikasema nimeshatoa pole, jambo limekwisha. Niliendelea na shule.

Basi miaka minne baadaye ndipo nikarudi na koti langu. Stesheni nilipokewa kwa vigelegele, Jumamosi baba akachinja mbuzi wawili, na watu walikuja hata kutoka Godegode. Nilimtafuta Mama Yudita kwa macho mchana kutwa. Hakuja. Nilipomuuliza mama, akanitazama kidogo, akaniambia niende mimi. Nikasema nitaenda kesho.

Kesho ile ikawa wiki, na wiki ikawa mwezi. Nyumba ilikuwa pale pale ng'ambo, naiona kila nikitoka kupiga mswaki. Nilikuwa na sababu za kila namna. Mara nimechoka, mara nangoja barua ya kupangiwa kituo cha kazi, mara nasema nikienda nitamtonesha kidonda kilichokwisha kupona. Huko nilikotoka nilikuwa nimezoea kwamba mtu mwenye huzuni unamwachia nafasi yake, na mambo ya zamani hayaulizwi. Lakini nisikudanganye, mwanangu. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kumwona yeye bila Yudita, na niliogopa anione mimi, mzima, nimenenepa, nimerudi na shahada, wakati mwanawe yuko kaburini.

Na mambo mengine nayo yalikuwa hayaendi. Salamu yetu Wagogo unaijua. Ukishaambiwa mbukwa, utaulizwa ulivyolala, utaulizwa watoto, ng'ombe na mvua, na wewe utauliza hayo hayo yote. Mimi nilikuwa najibu "nzuri" huku miguu inaendelea kutembea. Mzee mmoja aliniuliza kama nimeacha chungu jikoni. Mchana nilikuwa nafunga mlango wa chumba changu nisome, watu wakipita wanamuuliza mama kama naumwa. Wanawake wenzangu kisimani wakicheka, nikifika wananyamaza. Nikaanza kusema kama unavyosema wewe, kwamba watu wa hapa wamekuwa baridi, kwamba wana wivu. Nikaandika hata barua ya kuomba nipangiwe kazi Kagera, mbali kabisa, nisionane nao.

Siku moja asubuhi nilikutana na Mama Yudita pale kwenye bomba la maji la stesheni. Alikuwa amejitwisha ndoo. Alinitazama usoni, akasimama kama anayetaka kusema neno, kisha akageuka akashika njia ya nyuma, ile ya kuzunguka kwenye miiba, ili tusipishane. Mwanangu, nilirudi nyumbani na hasira. Nikamkuta mama anachambua karanga, nikamwaga yote. Kwamba Mama Yudita ananichukia kwa sababu mwanawe amekufa na mimi niko hai. Kwamba kwenye sherehe yangu hakuja, na leo amenikimbia njiani kama mbwa mwenye kichaa. Kwamba mimi nilimwandikia barua ya kurasa mbili naye hakunijibu hata mstari.

Mama aliniacha nikamaliza. Halafu akaweka ungo chini, na mama hakuwa mtu wa kuweka ungo chini hovyo.

"Ulitaka asimame na wewe bombani akuulize mvua ya Ulaya?" alisema. "Mna maiti katikati yenu, wewe na yeye. Hawezi kuiruka aje kukusalimia. Mfiwa hatoki kwenda kumtafuta wa kumpa pole. Anakaa anangoja. Anakungoja wewe tangu siku uliyoshuka treni."

Nikajitetea kwamba pole niliiandika.

"Barua yako ilifika, mwalimu akaisoma, tukashukuru sote. Lakini wewe hujafika."

Akachukua ungo wake akaendelea na karanga. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka saba nilikuwa nimejifunza kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa kumwangalia anavyosimama, na mwezi mzima nilishindwa kumtambua mama yangu aliye na msiba.

Siku iliyofuata nilijifunga khanga, nikabeba debe la unga wa uwele alilonipa mama, nikavuka korongo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimetunga sentensi nzuri, yenye mwanzo na mwisho. Nilimkuta ameketi uani kwenye ngozi, anashona kibuyu kilichopasuka. Aliinua uso, akaniona, akakiweka kibuyu pembeni. Sentensi yangu yote ikapotea. Nikasema, "Mama, pole," nikaketi chini kwenye vumbi, nikaanza kulia kama mtoto. Naye akalia. Tulilia bila kushikana, kila mtu mahali pake, mpaka tukachoka.

Ndipo akaanza kunisimulia. Alianza na siku ya kwanza, Yudita aliporudi kutoka shambani akisema kichwa kinamgonga. Siku ya pili alikunywa uji, siku ya tatu akaukataa. Akaniambia nani alikuja kumwangalia, nani alimbeba, alivaa khanga gani, aliomba nini. Siku ya sita alipata nafuu, akacheka, akadai mlenda. Hakuruka siku hata moja. Mimi nilikuwa naitikia tu. Zile siku tisa ambazo kwenye barua ya baba zilikuwa maneno mawili, niliziishi zote asubuhi ile pale uani, nikiwa karibu na rafiki yangu kuliko nilivyokuwa miaka saba. Alipofika mwisho akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Halafu akaniambia neno ambalo sijalisahau.

"Hii habari nimewasimulia wote waliompenda, mmoja mmoja. Nilikuwa nimebakiza wewe. Sasa na mimi nimeshamaliza."

Miaka minne, mwanangu. Miaka minne alikuwa amebeba kipande cha msiba ambacho ni mimi tu niliyeweza kumpokea, na mimi nilikuwa ng'ambo ya korongo nimenuna kwamba hajaja kula mbuzi.

Alinipeleka kwenye kaburi, tukang'oa magugu pamoja. Akapika ugali na mlenda, akanilisha mpaka nikashindwa. Jua lilipopungua akanisindikiza hadi katikati ya korongo. Na kesho yake asubuhi, tukiwa bado tunakunywa chai, tukasikia vigelegele vinapanda kutoka korongoni. Alikuwa Mama Yudita, amevaa nguo yake ya kanisani, amebeba kuku kwapani. Alikuwa anakuja kunipokea. Alinikumbatia mlangoni, akanizungusha, akanitazama mbele na nyuma, akasema mtoto wangu amerudi kutoka Ulaya, na akaniuliza safari ilikuwaje kana kwamba nimeshuka treni asubuhi ile. Kwake ndiyo kwanza nimerudi. Mama alikuwa amesimama nyuma yake anacheka huku machozi yanamtoka.

Baada ya hapo sikuwa tena na haja ya Kagera. Barua ile niliichana. Mama aliniandikia orodha kichwani, maana kalamu hakuijua: nyumba kumi na moja zilizofiwa nikiwa sipo. Nilizimaliza kwa wiki mbili. Kila nyumba niliketi, nikasimuliwa, nikalia nilipoweza, na nilipotoka nilisindikizwa. Kufika ya kumi na moja, wanawake kisimani walikuwa hawanyamazi tena nikifika. Walikuwa wananicheka mimi mwenyewe, mbele yangu, kwa jinsi ninavyotembea. Nikajua nimerudi nyumbani. Namshukuru Mungu kwa watu wa aina hii, wanaokuwekea nafasi yako miaka na miaka, wakakuvumilia hata unapopita mlangoni kwao umeinua pua. Nimezunguka kidogo duniani na nimepokewa vizuri sana na wageni. Lakini kungojwa, nimengojwa hapa.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uichukue kama ilivyo. Ukirudi kutoka safari ndefu, kabla hujafungua masanduku yako, uliza nani amefariki. Uliza pia nani amezaa na nani ameoa, uende na huko, lakini anza na wafiwa. Usiseme ni zamani. Usiseme nilituma ujumbe. Ujumbe ni jambo jema na mtu anaushukuru, ila hauketi mkekani. Usipange maneno, maana hayatahitajika. Kaa usimuliwe. Na ukiona ndugu amekaa kando anakutazama, usikimbilie kusema amekuwa baridi. Huenda anangoja umfungulie njia ya kukufurahia, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuanza.

Sasa nakuja kwako na kwangu. Baba yako mkubwa, mume wangu, tulimzika mwaka jana wakati wa masika, wewe ukiwa Korea. Ulinipigia simu ya picha siku ile ile, ukalia, na ulichotuma kilisaidia msiba. Vyote hivyo nilivipokea na navishukuru mpaka leo. Tangu umerudi unanipigia kila Jumapili, unaniambia utakuja ukitulia. Na mimi kila Jumapili nakujibu sawa, nakata simu, nakaa. Sasa umeshajua kwa nini nilikuwa naitikia mm tu. Sikuwa baridi, mwanangu. Nilikuwa nimefiwa.

Desturi hainiruhusu kusema hivi. Mfiwa haombi. Lakini Mama Yudita alikuwa na subira ya mwezi mzima, na mimi hata kwenye ujana wangu sikuwa mtu wa subira. Tena naona aibu ndogo ya kuomba ni nafuu kuliko wewe kupanda ndege ukidhani hatukutaki. Panda basi la Mpwapwa, ukifika hapo chukua bodaboda. Usibebe chochote. Mzee aliumwa siku kumi na nne, na nimezihifadhi zote, pamoja na alichosema juu yako siku ya kumi na mbili, ambacho kwenye simu hakisemeki.

Mungu aliyekupeleka mbali akakurudisha mzima aendelee kukushika mkono. Akupe kazi yenye heshima, mke mwenye masikio ya kusikiliza, na watoto watakaokuzika wewe, si wewe uwazike wao. Akupe watu wa kukungoja popote utakapokwenda, na miguu myepesi ya kuwafikia. Amina, mwanangu. Njoo.