Swichi ya Chini ya Dashibodi

Tak. Ndivyo ilivyolia ile rilei, kidude cha kukatia umeme wa taa, nilipobonyeza swichi mara ya kwanza, na gari zima likazimika taa kama mtu aliyefumba macho. Mlio mdogo tu, kama ukucha ukigonga kikombe cha bati, lakini mpaka leo nikiusikia kwenye gari lolote naangalia nyuma yangu kwanza.

Lilikuwa pikapu la porini, matairi makubwa, bodi imekwaruzwa na matawi pande zote. Mwenyewe ni mzee mmoja wa upande wa Ipole, mfupi, na kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Gereji yetu iko pembeni ya mji wa Tabora, kwenye barabara ya kutokea Sikonge, na fundi aliyenifundisha umeme wa magari alikuwa ameniambia kazi ile nitaifanya mwenyewe mwanzo mwisho. Ikitoka vizuri, nabaki kama fundi. Ikiharibika, nirudi Bukene nikalime mpunga na mama. Alisema akicheka, ila yule anacheka hata akifukuza mtu.

Mimi nilishaota mbali. Nilishaona kibanda changu kimezungukwa na taa za rangi, wenye malori wanasimama kuuliza ni nani kazifunga. Kwa hiyo nilimsalimia mzee kwa furaha zangu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akachungulia nyuma yangu, kama vile fundi mwenyewe kajificha huko.

Alitaka spotilaiti mbili kwenye bampa la mbele. Sawa. Alitaka taa nyekundu nyuma, pale anapopakia mzigo. Sawa. Halafu akashusha sauti. Alitaka swichi ya kificho chini ya dashibodi, akiibonyeza taa zote nyeupe za gari zife huku injini inaunguruma, ibaki nyekundu peke yake.

"Ya nini hiyo, mzee?"

"Ya kazi."

"Kazi gani?"

"Wewe binti umeajiriwa na gereji au na polisi?"

Akageuza beseni la kuoshea vyuma, akalikalia, akawa anatazama vidole vyangu. Chai hakwenda kunywa. Nilipomuuliza kama barabara ya huko ni mbovu sana, ili nijue nikaze waya kiasi gani, akaniambia, "Barabara ipi? Kwani nimekwambia naenda wapi?"

Jamaa wa kuziba pancha alinivuta pembeni. "Huyo ni mbao za mninga za wizi. Kama si mbao, ni pembe." Nikampelekea fundi maneno hayo. Akasema kazi yetu ni taa, anakoenda kuziwasha si kwetu.

Kwake haikuwa kwetu. Mimi nilikuwa nawaza tembo aliyesimama gizani hajui kinachomjia. Nikawaza na waya zangu zikiwa juu ya meza ya polisi, na tepu yangu ya bluu ambayo mji mzima hakuna mwingine anayeitumia. Lakini mpunga wa Bukene nao niliuwaza. Nikafunga. Na nilifunga kama ninavyodhani mwizi angetaka kufungiwa: taa za mbele, ya namba, za kurudi nyuma, kila kinachoonekana kwa mbali nikakipitisha kwenye ile swichi. Taa ya ndani, ile ya kwenye dari inayowaka ukifungua mlango, nikaiacha. Mwizi naye si lazima aone alipoweka vitu vyake?

Tak. Mzee akatabasamu kidogo, akanipa mkono wa ncha za vidole, akaondoka.

Wiki haikuisha. Pikapu likaingia uani vioo vyote vimeshushwa. Mzee akashuka jicho moja limefumba, mdomo umeumuka kama andazi.

"Mzee, hiyo ni ngumi au teke?" jamaa wa pancha akauliza.

Mzee alikuja moja kwa moja kwangu.

"Nani kakutuma?"

"Kunituma wapi tena?"

"Nilisema taa zote nyeupe. Zote. Nimefungua mlango tu..." Akawatazama watu waliokuwa wanasogea.

Fundi wangu aliinuka kwenye benchi. Safari hii hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Naomba nilione gari kwanza," nikasema.

Ndani kulinuka moshi na nta. Nyuki waliokufa walikuwa kwenye kiti, kwenye usukani, na wengi zaidi ndani ya kifuniko cha taa ya dari, wamejazana kama punje za mtama. Nilikishika kile kifuniko nikahisi aibu na huruma kwa pamoja. Nikamwita mzee karibu.

"Nyekundu hawaioni?" nikanong'ona.

"Punguza sauti." Akamtupia jamaa wa pancha jicho lake zima. "Unarina jioni, unapakia, nyuki wanaifuata taa nyeupe yoyote. Mizinga yangu imeshatembelewa na watu kabla sijafika mwenyewe. Mrina asali hasemi anakopita. Halafu binti wa mjini ananiuliza kazi gani, barabara gani. Ungekuwa wewe?"

"Mimi nilidhani unaua tembo."

Akanitazama. Kicheko kilimtoka huku kashika mdomo kwa maumivu. "Na taa ya ndani ukaniachia nihesabie pembe?"

Fundi aliuliza nitarekebisha lini. Nikasema sasa hivi. Mzee akarudi kwenye beseni lake, ila alikaa upande, jicho lililovimba ndilo likinielekea. Sikujua kama ameniamini au shingo ilimuuma.

Nikaunga taa ya dari kwenye swichi. Tak. Fundi akafungua mlango, akafunga, akafungua tena. Giza. Akajifuta mikono. "Kesho asubuhi lori la tumbaku linaletwa. Utaliangalia wewe." Akaenda zake. Mzee naye akaenda bombani kunawa uso.

Nilibaki peke yangu ndani ya gari. Nikatundika khanga yangu kwenye vioo ili pawe giza, nikabonyeza. Chini ya dashibodi, kwenye ile swichi yenyewe, kulikuwa na kitaa cheupe kama punje ya mchele, kinamulika magoti yangu. Hakuna aliyekiona, wala mzee. Nikatoa kwenye mkoba rangi yangu ya kucha, nyekundu, niliyoiweka kwa ajili ya harusi ya dada. Nikakipaka mara mbili, nikakipuliza taratibu mpaka kikakauka.