Vitofali vya Babu Havikuwa Vyangu

Ukivimwaga vitofali vya plastiki sakafuni vinalia kama mahindi makavu yakiangukia kwenye debe. Juzi niliusikia mlio huo dukani, hapa hapa Songea, mtaa wa Mfaranyaki, muuzaji alipofungua mfuko anionyeshe kwamba vyote ni vizima. "Mtoto ana miaka mingapi?" akaniuliza, ili ajue kama vinamfaa. Swali la kawaida tu. Lakini mimi tayari nilikuwa nimerudi sebuleni kwetu, nina miaka tisa, na babu yangu ameketi chini kwenye mkeka.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa. Sisi tuliozoea foleni ya sabuni tukaona marobota ya mitumba yanafunguliwa sokoni na watu wazima wanayaparamia kama kuku kwenye pumba. Juni ilikuwa imeingia, na baridi ya Songea mnaijua, inafika mpaka kwenye meno. Babu akapewa hela akanunue koti. Akarudi bila koti. Begani alikuwa na nusu mfuko wa salfeti, na alipoumwaga mkekani vikatoka vitofali vyekundu, vya njano, vya bluu, na vichache vyeupe vilivyogeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku.

Mama alikuwa mkwe wake, na kwetu mkwe hamsemi baba mkwe usoni. Ndiyo maana Mama alikuwa na mwenzake wa kuongea naye: sufuria. "Sufuria yangu," alisema siku ile, akiigonga na mwiko, "wewe umeona wapi mtu anajifunika vitofali wakati wa baridi?"

Babu hakuinua macho. Akaniambia mimi, niliyekuwa nimekaa zangu kimya: "Mjukuu wangu, iambie hiyo sufuria kwamba koti linachakaa."

Babu alikuwa fundi mwashi. Nusu ya nyumba za mtaa wetu zilipita mikononi mwake, na nyingine kule Maposeni, nyumba za wakulima waliomlipa kwa magunia ya mahindi. Kisha magoti yakagoma kupanda jukwaa. Miaka mitatu alikaa mlangoni akiangalia mafundi vijana wakipita na miko yao, akimkosoa kila mmoja kwa jinsi alivyoubeba tu mwiko wake. Tangu vitofali viingie, alinyamaza. Alijenga asubuhi, alijenga baada ya chakula. Alifunga kifungo cha shati kwenye uzi kikawa timazi, akaining'iniza kando ya kila ukuta aone kama umesimama wima.

Mimi nilidhani ni mchezo. Nikapanga kitofali juu ya kitofali, mnara ukapanda mpaka kidevuni kwangu. Babu akausukuma kwa kidole kimoja, ukaanguka. Nililia, jamani! Akasema, "Hukupishanisha maungio. Kitofali cha juu kikalie viwili vya chini, vishikane. Haya, anza tena." Nikaanza tena. Hakunibembeleza hata kidogo, na sijawahi kuheshimiwa namna ile tangu nizaliwe.

Alichokuwa anajenga hakikufanana na nyumba yoyote ya Songea. Kilikuwa cha mviringo, ghorofa tatu, madirisha kumi na saba, hakuna mawili yanayolingana, na juu kabisa mfuniko wa kopo la mafuta. Niliuliza nani atakaa humo. "Anayependa madirisha," akanijibu.

Mtaani habari ilishafika. Kwenye bomba la maji watoto waliniimbia kwamba babu yangu anarudi utotoni, wiki ijayo atavalishwa nepi. Nilirudi na ndoo nusu, nyingine nimeimwaga kwa hasira.

Ndipo ikafika zamu yetu ya jumuiya. Mnajua mambo yanavyokwenda: kila wiki sala inahamia nyumba nyingine, na nyumba yenye zamu inafagiliwa mpaka udongo unaomba huruma. Baba alikuwa safarini Nakapanya na lori la tajiri wake, hivyo aibu yote ingemwangukia Mama. Akaiambia sufuria kwamba kama kuna mtu anasikia, vile vitu viingie uvunguni. Babu alikuwa anasikia vizuri sana. Hakusogea.

Watu wakaja, tukasali rozari, na ghorofa la madirisha kumi na saba likiwa pale kwenye kigoda, karibu na mshumaa. Tulipomaliza, chai ikazunguka. Mzee Komba, mwenyekiti wetu, rika moja na Babu, akanyoosha fimbo yake. "Haya madude ni ya nani?"

Nikamwona Mama ameinamisha kichwa. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikamjibu Mzee Komba: "Ni vyangu, babu."

Watu wakacheka, mabega yakashuka. Nilijiona shujaa.

Babu akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu ametudanganya, na mshumaa haujazimwa. Ni vyangu mimi. Nilivinunua kwa hela ya koti."

"Wewe, mzee mwenzangu!" Mzee Komba akasema. "Umri huu? Sisi tunangoja kuitwa, wewe unacheza?"

"Basi wewe ngoja. Mimi wakija kuniita watanikuta kazini."

"Kazi gani, na midoli?"

"Nyumba unayolala nani alijenga?"

"Si wewe?"

"Ina ufa?"

"Haina."

"Nilikuambia mlango usiangalie barabara. Ukakataa, nikaweka ulipotaka, na mpaka leo unakula vumbi la magari." Akina mama wakaangua kicheko. Babu hakucheka. "Maisha yangu yote nimejenga ramani za watu. Chumba, chumba, varanda. Hii ni ramani yangu. Asiyeipenda asihamie."

Mzee Komba alinyanyuka. Nikajua anakwenda kulivunja. Badala yake akainama, akaokota kitofali cha bluu, akakibandika juu ya ukuta.

"Toa," Babu akasema. "Hukupishanisha."

Na Mzee Komba akakitoa! Akakiweka upya, pole pole, ulimi nje. Nyuma yangu nikamsikia Mama akinong'ona, macho kwa Babu: "Sufuria, mwongeze baba chai."

Walipoondoka Babu akaniita. "Ulitaka kunifunika?" Nikaitikia kwa kichwa. "Mtu hafunikwi akiwa hai." Nilidhani amenikasirikia, nikanuna siku mbili nzima. Uongo wangu ulikuwa wa upendo, aonyeshe hata shukrani kidogo!

Ilinichukua miaka mingi kuelewa. Watoto wa bombani walimcheka tu, lakini mimi niliyempenda ndiye niliyemwondolea kilicho chake mbele za watu. Nilimfanya mzee asiye na chochote, ili tusione haya.

Babu alishatangulia, vitofali vikagawanywa kwa wajukuu, kimoja kimoja vikapotea. Elimu yangu iliishia darasa la saba, ramani sijasomea, lakini madirisha nayapenda.

"Dada?" muuzaji akaniita. "Nimekuuliza, mtoto ana miaka mingapi?"

Nyuma yangu walikuwepo wateja watatu, wanasikiliza.

"Hakuna mtoto," nikasema, kwa sauti ya kutosha wote. "Ni vyangu. Na kama una mfuko mwingine, lete."